Masika yakiingia, panda mchicha utulize kichwa

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee bustani. Najua wengine mtacheka, maana ukitaja bustani kijana wa mjini anawaza jembe na shamba la babu. Mimi naongelea ndoo tatu kuukuu na salfeti mbili uani, hapa hapa Dar, tena nyumba ya kupanga.

Kilichonipeleka huko ni kusubiri. Baada ya kumaliza chuo nilikaa mwaka mzima natuma maombi ya kazi, halafu kutwa nachungulia barua pepe. Kimya. Usiku usingizi hauji, kichwa kinazunguka tu. Aliyewahi kusaka kazi ananielewa.

Anza na masika, yaani Machi mpaka Mei, maana mvua inakusaidia kumwagilia. Toboa ndoo chini maji yatoke, la sivyo mizizi itaoza. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, mbichi inaunguza miche. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu, nyunyiza, fukia kidogo tu. Siku za mwanzo ndoo ikae karibu na upenu, mvua kubwa isije ikazoa mbegu. Baada ya siku nne tano miche inachungulia.

Hapo sasa ndipo penye somo. Kazi inayobaki ni kung'oa magugu na kupunguza miche iliyosongamana. Hata uikodolee macho kutwa, mchicha utachuma baada ya wiki tatu nne, sio kesho. Matembele ndiyo rahisi kabisa: kata shina urefu wa rula, fukia nusu, basi. Bamia inataka subira zaidi, kama miezi miwili.

Na hili sio la kwangu peke yangu. Kuna utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2011. Watu 30 walipewa kazi ya kuwachosha akili, kisha wengine wakaenda bustanini na wengine wakasoma ndani, nusu saa tu. Kortiso, ile homoni ya msongo, ilishuka kwa wote, ila kwa waliokuwa bustanini ilishuka zaidi.

Mchicha haukupi ajira, tusidanganyane. Lakini ukisubiri barua huna cha kushika, wakati ukisubiri mchicha una kijikazi kila asubuhi na unaona hatua. Mimi nilijiwekea utaratibu: bustani kwanza, barua pepe baadaye, mara moja kwa siku. Usingizi ukarudi taratibu.

Ila jamani, kama wiki zinapita hulali, au unaona maisha hayana maana, usijifungie na ndoo zako. Ongea na mtu unayemwamini, nenda hospitali.

Haya, nyie mnapanda nini huko uani? Na mlioko ghorofani mnafanyaje? Nawasilisha.