Akiamuru ‘jeuri’, akishauriana ‘laini’: Mtihani wa bosi mwanamke Tanga

Bosi wa kiume akipandisha sauti kikaoni, watu husema ana msimamo. Wa kike akifanya vilevile, anaambiwa jeuri. Je, kweli wanaume na wanawake huzaliwa na uongozi tofauti?

Jibu fupi: sehemu kubwa mtu huongoza kama alivyofunzwa na kazi yake na watu wake.

Nahodha na mchezo

Ukanda wa Tanga, Pangani na Mkinga ni wa wavuvi. Chomboni, nahodha ndiye mwenye neno la mwisho. Dhoruba ikipiga, hakuna kupiga kura. Wanaume wengi wa pwani wamekulia kwenye uongozi huo.

Wanawake wengi hujifunzia kwenye kikoba, mchezo au kilimo cha mwani. Huko pesa na jasho ni vya wote. Mwenyekiti akijiamulia peke yake, wenzake wanajitoa na kikundi kinakufa. Lazima azungumze na kila mtu.

Siyo kwamba mwanamke hajui kuamuru. Nenda jikoni siku ya shughuli ya harusi. Utamkuta mama mmoja anagawa kazi, na hakuna anayembishia.

Kiti kipo, sauti je?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, kati yao 3 wanawake. Sheria inatoa kiti. Kusikilizwa ni jambo jingine.

Hata juu kabisa ni hivyo. John Magufuli aliitwa ‘Tingatinga’. Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa Machi 2021, akaitwa ‘Mama’. Mmoja alipewa jina la mashine, mwingine la mzazi. Na mama akifoka, watu hushangaa.

Nchini Marekani, mwanasaikolojia Alice Eagly na wenzake walikusanya tafiti nyingi mwaka 1992. Waligundua kuwa viongozi wanawake walipungukiwa alama zaidi pale walipoongoza kwa amri, hata kama wanaume walifanya hivyohivyo.

Hasara yake ni kubwa: mwenye uwezo ananyimwa cheo kwa sababu ya sauti yake, siyo kazi yake.

Basi siku bosi wako wa kike akitoa amri, kabla hujamsema jiulize: angekuwa mwanaume, ningemwitaje?