Ukiulizwa Historia ya Afya Yako Unapoomba Kibali cha Silaha

Mahindi yakishaanza kubeba huku Ufipa mkoani Rukwa, nyani na nguruwe pori hawamsubiri mwenye shamba avune. Kila msimu wapo wakulima wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo wanaopiga hesabu ya kuomba kibali cha gobore au bunduki. Huandaa barua, picha na kitambulisho cha NIDA, wakajipanga vizuri kueleza habari za shamba. Habari za afya zao hawajazipanga kabisa.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka anayekabidhiwa silaha awe na akili timamu, asiwe na mwelekeo wa ukatili, wala asiwe tegemezi wa vilevi au dawa za kulevya. Kwa hiyo anayekuhoji ana haki ya kukuuliza, "Umewahi kuugua ugonjwa wa akili?" Wengi hujibu "hapana" kabla swali halijaisha, kwa kuogopa kuitwa chizi. Wengine hujibu hivyo kwa sababu hawajui hasa wanaulizwa nini.

Daktari anayekupima kwa ajili ya kibali hatarajii kukutana na mtu asiyewahi kuugua. Anataka kujua mambo matatu: kama una hali inayoweza kukupotezea fahamu ghafla, kama kuna kinachovuruga uamuzi wako, na kama umewahi kufikia hatua ya kutaka kujidhuru au kumdhuru mwingine. Jina la ugonjwa peke yake halimtoshi. Mweleze ulianza lini, ulitibiwa vipi, na sasa unaendeleaje.

Chukua malaria kali. Mtu wa bonde la Ziwa Rukwa anaweza kusimulia kwamba "ilimpanda kichwani", akapayuka siku mbili, akafungwa kamba hadi zahanati. Kuchanganyikiwa kwa homa ni jambo la mwili kuzidiwa. Homa ikiisha na akili ikarudi sawa, hilo halimfanyi mtu kuwa mgonjwa wa akili wa kudumu. Lakini useme. Maombi ya silaha huanzia serikali ya kijiji au mtaa, na huko majirani wanaikumbuka ile kamba. Ukificha, tukio lililokuwa na maelezo mepesi linageuka shaka.

Kifafa kina uzito zaidi. Ufipa tunafuga nguruwe, na nguruwe wakiachwa wazurure palipo na kinyesi cha binadamu, minyoo ya tegu huendelea kuzunguka kati yao na sisi. Mtu akimeza mayai ya tegu, viluwiluwi vyake vinaweza kuingia kwenye ubongo na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo yenye tegu kwa wingi, takriban asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wameupata kwa njia hiyo. Ni ugonjwa wenye chanzo na wenye dawa; haukutokana na laana. Hata hivyo, anayeanguka bila taarifa hapaswi kuwa na bunduki iliyojazwa mkononi. Taja mara ya mwisho ulipoanguka, na kama dawa unakunywa bila kuruka siku.

Usisahau vidonge vyenyewe. Amitriptilini hutumika kutibu sonona, lakini madaktari huitoa pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na kuzuia kipandauso. Kukuta dawa hiyo kwenye kadi yako si ushahidi wa ugonjwa wa akili, ila taja uliandikiwa kwa ajili ya nini.

Na ambaye hakwenda hospitali? Wengi wetu, ndugu akianza kusikia sauti au kukimbilia porini, tunaanzia kwa mganga. Kutokuwa na cheti cha hospitali hakumaanishi hukuugua. Eleza dalili zilivyokuwa na zilidumu muda gani, hata kama aliyekutibu alitumia mizizi.

Pombe nayo ijibiwe kwa vipimo. "Nakunywa kidogo" haimsaidii daktari. Sema ni komoni au gongo, mara ngapi kwa wiki, na kama umewahi kuamka usikumbuke ya jana au kugombana ukiwa umelewa.

Swali gumu kuliko yote ni la kujiua. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, ilhali Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo nchini humo kinakiuka Katiba. Hapa mtu anabanwa kweli: akisema ukweli anaogopa kushtakiwa, akinyamaza anapewa silaha. Mahali salama pa kuanzia ni chumba cha daktari, kabla ya kujaza fomu yoyote. Jaribio la kujiua kwa bunduki ni nadra kumwacha mtu hai. Mawazo hayo yakiwa bado yanakujia, usiombe silaha kwa sasa. Tafuta tiba kwanza.

Tuzungumze na faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Omba maelezo ya kina yaandikwe na daktari na yapelekwe kwenye bahasha iliyofungwa, badala ya kuyasimulia mbele ya kikao cha kijiji. Jibu ulichoulizwa. Kuwa na VVU, kwa mfano, peke yake hakuelezi lolote kuhusu uwezo wako wa kutunza silaha.

Wenzetu wa nchi nyingine nao wanahangaika na swali hili la afya ya mwomba silaha. Fomu ya shirikisho ya Marekani ya kununua bunduki inauliza zaidi kama mamlaka ya kisheria imewahi kuamua kuwa huna akili timamu, au kama umewahi kulazwa kwa lazima. Uingereza, baada ya mauaji ya risasi katika mji wa Plymouth ya Agosti 2021, iliwataka polisi wapate kwanza taarifa za daktari wa mwombaji. Njia ya Uingereza inamgusa hata mgonjwa ambaye hajawahi kufika mahakamani, na wagonjwa wengi ndivyo walivyo.

Kibali kikishatoka, swali halijafungwa. Ukifiwa ukakosa usingizi wiki nzima, kifafa kikarudi, au pombe ikakuzidi, nenda kituo cha polisi uombe silaha ihifadhiwe huko hadi upone. Usimwachie jirani asiye na kibali. Utakuwa umeongeza kosa juu ya ugonjwa. Na mkeo au mumeo ajue dalili zako mapema, kwa sababu siku akili ikiyumba, yeye ndiye atakayeliona hilo kabla yako.