Umoja na Wingi katika Vivumishi vya Upeo vya Kiingereza: Tatizo la Mfasiri wa Kijerumani

Kivumishi cha Kiingereza hakina alama ya idadi. Neno "young" halibadiliki, liwe linaeleza mtoto mmoja au watoto mia. Katika Kiingereza cha Kale vivumishi vilikuwa na viambishi tamati vya kuonyesha idadi na jinsia, lakini viambishi hivyo vilififia katika Kiingereza cha Kati, na hatimaye vikatoweka. Upungufu huo hauleti taabu maadamu kivumishi kimeandamana na jina lake. Taabu huanza pale jina linapoachwa na kivumishi kikasimama peke yake.

Kivumishi cha kawaida kinachotanguliwa na "the" bila ya jina, kikiwa kinataja watu, huwa cha wingi: "the young" ni vijana, wala si kijana mmoja. Kivumishi cha upeo, yaani kile kitajacho sifa katika daraja yake ya juu kabisa, hakifungwi na kanuni hiyo. "The youngest" aweza kuwa mmoja, waweza pia kuwa wengi. Kitenzi cha wakati uliopo huweza kuondoa utata huo kivumishi kinapokuwa kiima. Lakini katika sentensi kama "She chose the youngest", hakuna neno hata moja linalodokeza idadi.

Kijerumani hakimruhusu mfasiri kunyamaza. Sharti aandike "den Jüngsten" kwa mwanamume mmoja, "die Jüngste" kwa mwanamke mmoja, "das Jüngste" kwa jina la jinsia ya tatu kama vile "Kind", yaani mtoto, au "die Jüngsten" kwa wengi. Kiswahili nacho hudai uamuzi wa idadi, "mdogo kuliko wote" au "wadogo kuliko wote", ila hakiulizi habari ya uume na uke.

Uzito wa jambo hili waonekana katika istilahi moja mashuhuri. Mwaka 1864 Herbert Spencer alibuni maneno "survival of the fittest", na Charles Darwin akayaingiza katika toleo la tano la kitabu chake juu ya asili ya spishi, mwaka 1869. Kwa kuwa "the fittest" hapa hutanguliwa na "of", wala hakuna kitenzi, idadi yake haijulikani kwa sarufi. Mfasiri Julius Victor Carus aliandika "Überleben des Passendsten", yaani kwa umoja. Umbo "des Passendsten" laweza kuwa la kiumbe wa kiume au la kitu kisicho na uume wala uke. Kwa hiyo jinsia ilibaki wazi, lakini idadi ilikwisha kukatwa.

Umoja huo si kosa kwa nafsi yake. Kijerumani, kama Kiswahili kisemapo "mkulima huamka mapema", chaweza kutaja mmoja kwa niaba ya wote. Hata hivyo, umoja humfungulia msomaji mlango wa kuwaza mshindi mmoja aliyewaangusha wenzake. Usemi ulioenea baadaye, "Überleben des Stärkeren", ulizidisha upotofu: kufaa kuligeuzwa kuwa nguvu, na upeo ukawa ulinganishi, kana kwamba ni wawili tu wanaopigana. Usemi huo unakaribiana na ule wa "das Recht des Stärkeren", haki ya mwenye nguvu, ambao Mswahili angeufupisha kwa kusema, "Mwenye nguvu mpishe". Hoja ya Darwin haikuwa hiyo. Yeye alizungumzia viumbe wengi wenye manufaa fulani, hata yakiwa madogo, ambao kwa sababu hiyo wana nafasi kubwa zaidi ya kusalia na kuzaa. Wingi, "der Passendsten", ungaliikaribia hoja hiyo zaidi.

Mfasiri wa Kiswahili amo katika mtego uo huo, na ngeli humwongezea maswali: aliye bora, walio bora, kilicho bora, au vilivyo bora? Njia iliyo salama ni kulirudisha jina lililoachwa: "kusalia kwa viumbe wanaoyafaa zaidi mazingira yao". Sarufi ya Kiingereza haimpi mfasiri jibu la idadi. Jibu hilo hana budi kulitafuta katika hoja ya mwandishi, kabla ya kuchagua kiambishi.