Jino Bovu Si Lazima Ling'olewe

Leo tuzungumze juu ya jino lililotoboka. Wengi wetu hungoja mpaka mtoto akeshe akilia, ndipo tukimbilie hospitali na ombi moja tu: "Daktari, ling'oe." Lakini jino likiwahiwa, huweza kutengenezwa likabaki kinywani na kufanya kazi yake.

Jino huozaje?

Si mdudu anayelitoboa, kama tulivyoambiwa utotoni. Juu ya meno huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vikipata sukari hutoa asidi, na asidi hiyo hula gamba gumu la jino. Mabuyu ya rangi, kashata, halwa na soda vyote huvilisha vijidudu hivi. Kubwa zaidi ni kula mara kwa mara. Mtoto anayemung'unya mabuyu tangu adhuhuri hadi magharibi hayapi meno yake nafasi ya kupumzika. Na mtoto anayelala na chupa ya chai ya sukari huoza meno ya mbele mapema.

Tiba hutegemea umefika lini

Kwanza, ukiona doa jeupe lisilong'aa karibu na ufizi, jino limeanza kudhoofika lakini halijatoboka. Dawa ya meno yenye floraidi, na ile ya kupakwa na daktari, huweza kulirudishia nguvu.

Pili, likiwa na tundu dogo, huzibwa. Daktari huondoa uozo, kisha hujaza tundu. Kama mtoto anaogopa mashine, uliza kuhusu njia ya vifaa vya mkono. Njia hii ilianzia kwa jirani zetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980: tundu husafishwa kwa mkono na kuzibwa kwa simenti maalumu inayotoa floraidi, mara nyingi bila sindano. Leo hutumika katika nchi nyingi. Iko pia dawa ya maji yenye madini ya fedha, ambayo hupakwa ili kusimamisha uozo. Huacha weusi penye tundu, basi usishtuke. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza simenti hiyo na dawa hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu.

Zibo la rangi ya fedha lina zebaki. Siku hizi halishauriwi kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha. Kama una mimba, mwambie daktari, lakini usiache kutibiwa.

Tatu, uozo ukifika kwenye kiini, maumivu huja yenyewe, hasa usiku. Hapo mzizi husafishwa na kuzibwa, na mara nyingi jino huvikwa kofia. Tiba hii ina safari nyingi na gharama kubwa kuliko kuziba.

Nne, jino lililokwisha kabisa ndilo hung'olewa.

"Ni ya utoto, yataota mengine"

Kweli yataota, lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12, na ndiyo yanayoshikilia nafasi ya yale yajayo. Tena, karibu na miaka 6 huota gego la ukubwani nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka. Mama wengi hudhani ni la utoto, wakaliacha lioze. Hilo likitoka, halina mbadala.

Jino likiruka kwa kuanguka

Mtoto akianguka na jino la ukubwani likatoka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Lisuuze kwa maji safi upesi, usilisugue, kisha lirudishe mahali pake. Ukishindwa, litie ndani ya maziwa na mfike kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Jino la utoto usilirudishe.

Tahadhari nyumbani

Mafuta ya karafuu hutuliza maumivu kwa muda, lakini hayazibi tundu. Usibandike kidonge cha aspirini kwenye ufizi, huunguza. Usitie maji ya betri kabisa. Ukiona uso umevimba, homa, au mtoto hawezi kumeza au kufungua kinywa, usingoje kesho. Hiyo ni hatari ya maisha: mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Mama, anza leo

Mwoshe mtoto meno mara mbili kwa siku tangu jino la kwanza, kwa dawa yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, na cha punje ya njegere kuanzia hapo hadi 6. Msuaki ni mzuri, lakini usiache dawa hiyo. Usiku, akishapiga mswaki, ni maji matupu. Mfungue kinywa leo kwenye mwanga wa dirisha, utazame hadi magego ya nyuma. Ukiona doa au tundu, mpeleke kitengo cha meno cha Hospitali Kuu ya Pwani au kliniki iliyo karibu nawe, na uulize gharama mapema.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na jino ni vivyo hivyo. Hadi kipindi kijacho, nawatakia afya njema.