Mvuke wa Olkaria Utafute Soko Kwenye Magari

Usiku, Kenya huwa na umeme mwingi na wanunuzi wachache. Nyumba zinapozima taa na viwanda kupunguza kazi, mahitaji hushuka kwa mamia ya megawati. Visima vya jotoardhi vya Olkaria, karibu na Naivasha, havifungwi na kufunguliwa kila siku kama bomba la maji. Mitambo ikipunguza uzalishaji, mvuke huachiwa angani. Huko Loiyangalani, Marsabit, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana wenye megawati 310 nao hupata upepo mkali usiku. Umeme utumike usitumike, mikopo ya miradi hii lazima ilipwe, na mzigo huo humfikia mteja kupitia bili.

Mnunuzi anayefaa yupo: gari dogo la umeme, ambalo saa hizo limeegeshwa tu. Mwaka 2023, mamlaka ya kudhibiti nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti saa za mahitaji makubwa na shilingi 8 saa za mahitaji madogo, kabla ya kodi na tozo.

Hesabu inavutia. Gari kama Nissan Leaf hutumia takriban uniti 16 kwa kilomita 100. Hata kodi na tozo zikiifanya bei ya usiku kuwa maradufu, safari hiyo itagharimu shilingi 256. Gari linalokunywa lita 7 za petroli kwa umbali huo, lita ikiwa shilingi 180, litamgharimu mwenyewe shilingi 1,260, na petroli yote inaagizwa kwa fedha za kigeni.

Kikwazo ni namna nafuu hiyo inavyomfikia mtu. Anayechaji kwa mita ya kawaida ya nyumbani hulipa bei ileile mchana na usiku. Wapangaji wengi wa ghorofa za Nairobi wana pa kuegesha, lakini hawana soketi. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, ila nafuu ya VAT ya mwaka 2023 ilikwenda kwa mabasi na pikipiki za umeme.

Saa ya kuchaji nayo ina uzito. Magari 10,000 yakivuta kilowati 3 kila moja yanahitaji megawati 30. Baada ya saa nne usiku, mzigo huo ni soko la mvuke unaopotea. Yakichomekwa saa moja jioni, wakati wa kilele, yataongeza kazi ya mitambo inayochoma mafuta.

Ethiopia, yenye umeme mwingi wa maji, ilipiga marufuku uingizaji wa magari ya petroli na dizeli mwaka 2024. Kenya haihitaji kufika huko. EPRA na msambazaji wa umeme, Kenya Power, waipeleke bei ya usiku kwenye mita za nyumbani, na kaunti zidai soketi za kuchaji katika kila ramani mpya ya ghorofa. Mvuke umeshalipiwa, wananchi wapewe nafasi ya kuutumia.