Fahamu: Mitishamba ya tezi dume na ushahidi wake
Tezi dume huuzunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu. Ikikua uzeeni huubana, mkojo ukatoka kwa kusuasua na usingizi ukakatika kila mara kwa haja ya kukojoa.

Kati ya mitishamba inayotumika kwa tatizo hili, unaoihusu Afrika zaidi ni gome la Prunus africana, mti wa misitu ya milimani kuanzia Kameruni hadi Kenya na Madagaska. Mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, yaliyokusanya majaribio 18 na wanaume 1,562, yaliona nafuu ya wastani, ikiwemo katika kuamka usiku. Hata hivyo, majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Mti wenyewe uko taabani: ukichunwa gome pande zote hufa, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Matunda ya Serenoa repens, mmea wa jamii ya minazi kutoka Marekani, yana sifa kubwa kuliko ushahidi wake. Jaribio lililochapishwa 2011 lilipandisha dozi hadi mara tatu. Hata hivyo, matunda hayo hayakuishinda dawa bandia (isiyo na kiambato cha tiba).

Mwenye mkojo wenye damu, au uliokwama kabisa, awahishwe hospitali, kwani saratani ya tezi dume huweza kuleta dalili zilezile.