Paka ngazini ameficha vazi

Kabla hujaendelea kusoma, chukua kalamu. "Paka ngazini ameficha vazi", herufi 5. Ukianza kumuwaza paka, umeshapotea. Ziandike herufi zenyewe, paKANGAzini, utaiona kanga imetulia hapo katikati. Neno "vazi" limekupa maana, "ameficha" limekuonyesha pa kutafuta, na "paka ngazini" ndiyo maficho yenyewe. Hakuna neno lililokuja kujaza nafasi.

Kidokezo hicho nimekitunga mwenyewe, na kilinila jioni nzima. Ufundi wake nimejifunza kwa Waingereza. Mraba wa maneno wa kwanza ulitoka New York, katika gazeti la New York World la tarehe 21 Desemba 1913, kazi ya Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Wakati huo uliulizwa maana, ukajaza neno, basi. Waliougeuza kuwa fumbo ni Waingereza, na gazeti la The Observer lina sehemu kubwa katika habari hiyo. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers alianza kuwatungia wasomaji wake miraba migumu kwa jina la Torquemada, yule mkuu wa mahakama ya kidini ya Uhispania iliyosifika kwa mateso. Alipofariki mwaka 1939 alirithiwa na D. S. Macnutt, mwalimu wa Kilatini na Kigiriki, aliyejiita Ximenes. Mwaka 1972 ikawa zamu ya Jonathan Crowther, aliyejiita Azed. Lisome jina hilo kutoka mwisho: Deza, mkuu mwingine wa mahakama ile ile.

Kilichonivuta kwa Ximenes na Azed ni shindano lao. Msomaji hakutakiwa kufumbua tu. Aliachiwa neno moja katika mraba, atunge kidokezo chake mwenyewe na kukituma kwa posta. Neno ni lile lile kwa wote. Kisha mtunzi wa mraba akavisoma vidokezo hivyo, akachagua watatu wa kwanza, akawataja na wengine waliostahili sifa, na kueleza nani amepatia na nani ameteleza wapi.

Tujaribu shindano hilo kwa neno letu, kanga. Wa kwanza ataandika "Vazi la mwambao". Ni sahihi, lakini fumbo liko wapi? Wa pili mjanja zaidi, anakumbuka kwamba kanga ni ndege pia, anaandika "Ndege anayefungwa kiunoni". Utacheka, na mimi nilicheka. Lakini jaji mkali atauliza: anayefungwa ni nani? Kanga ya kuvaa, yaani leso, hufungwa, ndege yule wa madoadoa hafungwi, na leso haichukui "anaye-". Mtunzi akirekebisha aandike "Ndege inayofungwa kiunoni", sasa leso imeridhika ila ndege amegeuka kuwa ya uwanja wa ndege. Ngeli zetu hazimpi mtunzi mwanya wa kudanganya, na mimi naliona hilo kuwa neema. Linamlazimisha arudi mezani, aondoe kitenzi, ajaribu "Ndege kiunoni mwa mama". Hapo ngeli haina la kusema.

Ukali huo ndio moyo wa sanaa hii. Mwaka 1949 mtunzi mwingine, aliyejiita Afrit, alishaweka mpaka: mtunzi ana ruhusa ya kukupoteza njia, ila maneno yake, yakisomwa neno kwa neno, lazima yafike kwenye jibu. Ximenes alilishikilia hilo katika kitabu chake cha mwaka 1966. Mfumbuaji akishindwa, akioneshwa jibu, apige paji la uso kwa kiganja na kukiri kwamba lilikuwa mbele ya macho yake. Akilalamika kwamba ameonewa, kosa ni la mtunzi.

Waliolipenda shindano hili walilipenda kwelikweli. Mwandishi Colin Dexter, mshiriki hodari, aliwapa wapelelezi wake wawili maarufu majina ya washindani wenzake. Morse ni Sir Jeremy Morse, aliyekuwa mwenyekiti wa benki ya Lloyds, na Lewis ni jina la bandia la mama mmoja aliyekuwa akituma vidokezo vyake.

Sasa fumbua hiki: "Lima kinyume, upate utajiri", herufi 4. Waingereza hugeuza herufi moja moja. Sisi tuna kinyume, mchezo wa watoto wa pwani wa kuhamisha silabi ya mwisho iwe ya kwanza, ili mkubwa apitaye asielewe. Li-ma, ma-li. Lugha ambayo silabi zake nyingi huishia kwenye irabu imeumbwa kwa mchezo huu, na watu waliokua na vitendawili hawahitaji kufundishwa raha ya kufumba. Ilhali miraba mingi ya Kiswahili niliyojaza maishani mwangu iliniuliza mji mkuu wa nchi fulani, au kinyume cha "juu".

Ndugu wahariri wa kurasa za Jumamosi, tupeni nafasi ndogo tu, neno moja kwa mwezi, na jaji asiye na huruma. Neno la kwanza liwe mkeka. Lina mke ndani yake, na siku hizi wanaobeti wamelipa maana ya pili. Msomaji, kalamu bado unayo mkononi. Tunga.